Maji ya Kunywa Safarini Mlimani: Maswali na Majibu

Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huchota maji yao ya mwisho katika bonde la Karanga, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo hadi kambi ya Barafu hakuna kijito, na kila lita inayonywewa huko juu imepandishwa na mpagazi. Wanaopita Marangu nao wana mahali pao pa maji ya mwisho, kabla ya kukata uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa mara nyingi na watu wanaojiandaa kwa safari hizo, pamoja na wale wanaotembea siku kadhaa katika milima ya Usambara au kwenye Mlima Kenya.

Maji ya mlimani ni maangavu na ya baridi. Kwa nini niyatibu?

Kwa sababu jicho halioni kimelea, na baridi haikiui. Giardia na kriptosporidiamu, ambavyo ni vimelea vya kuhara vyenye ganda gumu, huishi wiki nyingi katika maji baridi, hata zaidi kuliko katika maji ya vuguvugu. Kijito huweza kuwa safi kinapotoka mwambani, lakini anayekinga chupa yake hajui ni nani aliyejisaidia kando yake hatua mia mbili juu, wala mvua ya jana iliteremsha nini. Penye kambi pana watu, na penye watu pana kinyesi.

Je, kuna njia moja inayoua kila kitu?

Ipo moja tu iliyo karibu na hilo, nayo ni kuchemsha. Njia nyingine zote zina pengo, na kuchagua vizuri ni kulijua pengo la njia uliyoibeba. Vimelea vinavyotuhusu ni vya aina tatu. Wapo bakteria, kama wale wa kipindupindu na homa ya matumbo. Vipo virusi, kama vile vya homa ya ini ya aina A na E na virusi vya rota. Kisha vipo protozoa, yaani amiba, giardia na kriptosporidiamu. Klorini huua bakteria na virusi vizuri, huchelewa kuua giardia, na haiwezi kriptosporidiamu. Chujio la mkononi hufanya karibu kinyume chake: huzuia bakteria na protozoa, lakini virusi hupenya kwa sababu ni vidogo mno. Ndiyo maana mtu anayetumia chujio kisha akatia klorini anakuwa ameziba mapengo yote mawili kwa gharama ndogo.

Juu mlimani maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Je, kuchemsha bado kunatosha?

Kunatosha. Wapishi wa mlimani wanafahamu kwamba maharage hayaivi upesi pale kambi ya Horombo, na kutokana na hilo wengi hudhani kwamba vimelea navyo huponea. Ni kweli kwamba katika kambi ya Kibo, mita 4,720, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi kama 85 tu. Hata hivyo, vimelea vya kuhara huanza kufa kabla ya joto hilo kufikiwa, na muda wa kuchemka humaliza kazi. Kanuni ni kuyaacha yatokote kwa dakika 1 katika maeneo ya chini, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kutokota ni mapovu makubwa yanayopanda kwa nguvu bila kukoma. Mvuke wa kwanza juu ya sufuria si kutokota. Udhaifu wa njia hii ni nishati. Kukata au kuwasha kuni hifadhini hakuruhusiwi, kwa hiyo kila sufuria inakula gesi iliyobebwa na mtu.

Jambo linalonisikitisha ni kuona maji yaliyochemshwa vizuri yakimiminwa ndani ya dumu lile lile lililotumika kuchotea kijitoni. Dumu la maji mabichi na dumu la maji yaliyotibiwa yawe mawili tofauti, yenye alama ambayo hata anayeamka usiku wa manane na tochi ataitambua.

Vidonge vya klorini vinatumiwaje sawasawa?

Soma kwanza kidonge chako kimetengenezwa kwa lita ngapi, kwa kuwa vinavyouzwa madukani si vya ukubwa mmoja: kipo cha lita moja, na kipo cha ndoo nzima ya lita 20. Kukivunja kile kikubwa kwa kukadiria ili kitoshe chupa ni kosa linalofanyika kila siku. Baada ya kukitia, funga chupa, itikise, kisha legeza kifuniko kidogo na uigeuze chupa juu chini mpaka maji yenye dawa yavuje na kulowesha mdomo wa chupa, pale kifuniko kinapokazwa. Sehemu hiyo ndogo, ambapo midomo yako itagusa, ina tone la maji mabichi ambalo dawa iliyo ndani haikulifikia. Ndipo uanze kuhesabu dakika 30.

Hesabu hiyo ni ya maji ya joto la kawaida. Maji ya Karanga asubuhi yanaganzisha vidole, na katika baridi ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole, kwa hiyo subiri saa nzima au zaidi. Mtu anayetia kidonge na kunywa baada ya dakika 10 kwa sababu kiu imemzidi amekunywa ladha ya dawa pamoja na vimelea vilivyo hai.

Maji yakiwa na tope je?

Tope huimaliza klorini kabla haijafika kwa vimelea, na pia huziba chujio. Yaache maji yatulie chomboni, yamimine taratibu, kisha yapitishe katika kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Nchini Bangladesh ilionekana kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu karibu nusu, kwa kuwa bakteria wake hujishikiza kwenye vijidudu vikubwa vya majini. Kanga kuukuu itakusaidia vivyo hivyo kuondoa tope, lakini haimalizi kazi: baada ya kitambaa, tibu.

Nina chujio dogo la nyuzinyuzi. Nilitunzeje?

Liogopee baridi. Nyuzi zake zina matundu ya sehemu ya kumi ya maikromita hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na maji yaliyobaki ndani yakiganda huzipasua. Nje chujio litaonekana zima na maji yatapita, tena yatapita kwa urahisi zaidi, ilhali halizuii tena chochote. Usiku wa kambi za juu, likung'ute, lifunge ndani ya mfuko usiovuja, na ulale nalo ndani ya mfuko wako wa kulalia. Likiwahi kuganda, lihesabu limekufa.

Taa za miale ya urujuanimno na iodini zinafaa?

Taa inafaa kwa maji maangavu, na inaua aina zote tatu. Lakini betri hupungua nguvu haraka penye baridi, na mtu hapaswi kuitegemea peke yake. Iodini isitumiwe na mwanamke mjamzito wala mtu mwenye tatizo la tezi ya shingo.

Kwa hiyo wewe ungenishauri nini?

Uliza kwanza nani anaishi juu ya mahali unapochota. Kilimanjaro, ambako kuna mpishi na jiko, kuchemsha jioni maji ya siku inayofuata ndiyo njia kuu, na vidonge viwe mfukoni kwa ajili ya njiani. Usambara ni habari nyingine. Vijito vya Lushoto hupita katikati ya mashamba, mazizi na nyumba, na penye watu wengi virusi navyo ni vingi. Huko chujio peke yake silikubali hata kidogo. Chuja, kisha tia klorini, au chemsha. Mjamzito awe mwangalifu kuliko wote, kwa sababu homa ya ini ya aina E huweza kumuua.

Kuna kitu ambacho njia hizi zote haziondoi?

Kemikali. Dawa za kunyunyizia mboga zikiingia kijitoni hazitoki kwa kuchemsha wala kwa klorini, kwa hiyo usichote chini ya shamba la nyanya au viazi. Floridi ni vivyo hivyo. Kuzunguka Mlima Meru, kama vile Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, maji yana floridi nyingi kiasili, na kuyachemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Kwa mgeni wa siku chache madhara si ya kuhofia. Wanaoumia ni watoto wanaoyanywa miaka yote meno na mifupa yao inapokua.

Nimerudi nyumbani nikiwa mzima. Je, nimesalimika?

Bado. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5, lakini giardia huchukua wiki moja hadi tatu, na homa ya matumbo vivyo hivyo. Ukianza kuhara, kunywa ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mapema, ukikoroga kila pakiti katika kiasi kamili cha maji salama kilichoandikwa juu yake. Ukiona damu katika choo, au homa isiyoshuka, au macho kuwa ya njano, nenda kituo cha afya bila kungoja, na umwambie mganga kabla hajauliza kwamba ulikunywa maji ya kijito, wapi, na tarehe ngapi.