Mawimbi yalikuwa mazuri: hiyo si sawa na "anaona"

Juzi tena, nje ya chumba cha upasuaji, ndugu wa mgonjwa aliniuliza: "Shikamoo daktari. Tumeambiwa mlikuwa mnayafuatilia macho ya kaka muda wote, na mawimbi yalikuwa mazuri. Kwa hiyo anaona?" Simlaumu. Aliyemwambia ni mwenzetu wa fani hii hii, na nimechoka kulisikia.

Kazi yenyewe, kufuatilia njia ya kuona wakati wa upasuaji, ni hivi. Mgonjwa yuko nusu kaputi, uvimbe wa pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, unatolewa kupitia puani, chini tu ya kiazma, pale neva za macho zinapokutana. Juu ya kope zilizofungwa kuna miwani ya taa nyekundu, na mwanga wake hupenya kope. Elektrodi za kisogoni hunasa jibu la maikrovolti chache lililozama kwenye kelele za EEG, yaani umeme wa kawaida wa ubongo, kwa hiyo tunamulika mara mia hivi na kuchukua wastani ndipo wimbi lijitokeze, kwenye milisekunde 100 au karibu na hapo. Usingizi uwe wa dawa ya propofoli ya mshipani. Gesi za usingizi hulififisha sana wimbi hili, na hapo sina mjadala.

Sasa sikilizeni. Mwanga ule hauna picha wala herufi. Unamwagika kwa mpigo kwenye retina nzima, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na nyuzi za neva zilizobaki nzima zinaweza kutoa wimbi la kuridhisha huku mgonjwa amepoteza pembe nzima ya uoni wake. Hata asiyeweza kusoma herufi kubwa ya juu kabisa kwenye chati anaweza kutoa wimbi. Linachosema ni kwamba mwanga umefika kisogoni. Basi.

Wimbi likishuka nako, msikimbilie kupiga yowe. Angalieni ERG kwanza, yaani jibu la umeme la retina yenyewe. Retina ikijibu kama kawaida na kisogo kikanyamaza, hitilafu iko nyuma ya jicho, na hapo nasema kwa sauti: simama. Zikishuka zote mbili, huenda mwanga haufiki. Tukifungua fuvu, ngozi ya paji ikikunjuliwa huisukuma miwani. Lakini jicho lililokosa damu nalo huonekana hivyo hivyo, kwa hiyo anayerekebisha miwani na kuishia hapo anacheza na jicho la mtu.

Wengi wetu tunatoa tahadhari kimo cha wimbi kikipungua kwa nusu. Nusu hiyo ni makubaliano tu, maana wimbi hupanda na kushuka hata mpasuaji akiwa hajagusa kitu. Niliwahi kusimamisha kazi kwa mshuko uliorudi wenyewe baada ya dakika chache. Mpaka leo sijui kama tuliliokoa jicho au tulimwongezea mgonjwa muda wa usingizi bure.

Yule ndugu nilimjibu: "Mwanga ulifika mpaka mwisho wa upasuaji. Kesho akishaamka vizuri nitakuja kumfunika jicho moja moja, nimwonyeshe vidole kila pembe. Nikimaliza nitakuja kukujibu."