Jamani, Star Trek haikuandikwa na Roddenberry peke yake

Jana tena. Kijana kaja kuomba kazi ya uandishi, kichwa kizuri tu, nikamuuliza Spock unayempenda hivyo, yule wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, kaandikwa na nani, akajibu bila kufikiri, "Si Roddenberry, dada." Mimi nahariri skripti za tamthilia mwaka wa 11 huu na jibu hilo nishalisikia mpaka limenichosha, manake ndo imani hiyohiyo inayowaleta watu na wazo moja kubwa wakidhani wazo ndo tamthilia.

Gene Roddenberry aliianzisha tamthilia hiyo, sawa, hilo silibishii. Lakini nenda kamsome Dorothy Fontana. Alikuwa sekretari wa Roddenberry, na kwenye skripti aliweka D.C. Fontana tu ili asihukumiwe kwa uanamke wake kabla hajasomwa. Mwaka 1966 akapewa kurekebisha skripti ya mwandishi Jerry Sohl, ile iliyokuja kuitwa "This Side of Paradise", ambamo mbegu za mmea zinawalewesha watu kwa furaha na Sulu, rubani wa chombo, anapenda mwanamke. Fontana akasema mapenzi haya si ya Sulu, mpeni Spock.

Hapo ndo nataka mtu asimame aangalie vizuri. Sulu akipenda, amependa, kesho anaendelea na kazi. Spock akipenda kuna kitu kinavunjika, kwa sababu maisha yake yote kajizuia asionyeshe hisia, na mbegu zikimtoka anapoteza furaha pekee aliyowahi kukiri kuwa nayo. Mmea ni uleule, sayari ni ileile, kilichobadilika ni nani anaumia. Ndo kazi yenyewe hiyo, wala haihitaji digrii ya fizikia kama wengine wanavyodhani. Mwaka haujaisha Fontana akafanywa mhariri wa hadithi, ana miaka 27.

Sasa fuata uzi. Ndani ya episodi hiyohiyo Spock anataja kwa kupita tu kwamba mama yake alikuwa mwalimu na baba yake balozi. Basi. Mtu mwingine angeuacha mstari huo upite, Fontana akaurudia, akaandika "Journey to Babel" iliyorushwa Novemba 1967, tukawaona wazazi wa Spock, Sarek na Amanda, baba na mwana hawajazungumza kama baba na mwana miaka 18 kisa mtoto kachagua Starfleet, kikosi cha vyombo vya angani. Humo Amanda anamtaja mnyama Spock aliyekuwa naye utotoni, mwenye meno marefu. Mstari mwingine wa kupita! Mwaka 1973 kwenye Star Trek ya katuni akauchukua huo nao, "Yesteryear", mtoto Spock inabidi aamue mnyama wake aliyejeruhiwa afe bila maumivu. Kwenye katuni ya watoto. Miaka saba hiyo, mtu anarudi kwenye alichokiacha yeye mwenyewe na kuuliza, hapa pana nini tena?

Hata Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, jina lililozaliwa na neno letu uhuru, Nichelle Nichols aliyemwigiza alisimulia kwamba alienda kwenye usaili ameshika kitabu kiitwacho Uhuru. Haya mambo yanatoka kwa watu wengi.

Kinachonisumbua mimi ni upande wa pili. Episodi ya "The City on the Edge of Forever" ya 1967 ina jina la mwandishi Harlan Ellison, lakini iliandikwa upya na watu kadhaa, Fontana akiwemo, na Ellison alikasirika miaka na miaka. Skripti yake ya asili ikashinda tuzo ya chama cha waandishi, iliyorushwa ikashinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi. Nani alikuwa sahihi? Nilikuwa namtetea mhariri bila kusita. Siku hizi nasita, kwa sababu nimeshaandika upya kazi ya mwenzangu, ikaenda hewani, watu wakaisifu, yeye akanitumia meseji kwamba haitambui, na nikiisoma drafti yake leo naona kuna ukimya mmoja mle nilioujaza maneno ambao ulipaswa kubaki.

Kijana nimempa skripti ya mtu mwingine, ya kawaida kabisa, mama mkwe na kiwanja. Nimemwambia asiongeze tukio hata moja, abadilishe tu inamuuma nani. Anairudisha Alhamisi.