Kufeli kwa jaribio katika ujenzi wa mfumo endeshi: maana yake na namna ya kulichunguza

Katika ujenzi wa mfumo endeshi kutoka msimbo chanzo, jaribio huhesabiwa kuwa limefeli pale programu iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine) inapopewa kazi ambayo matokeo yake yanajulikana, kisha ikatoa matokeo tofauti na yale yaliyowekwa na watengenezaji wake. Kufeli huko hakuthibitishi kwamba programu ni mbovu. Chanzo cha tofauti kinaweza kuwa ndani ya msimbo, lakini pia kinaweza kuwa katika mashine, katika mazingira ya ujenzi, au katika jaribio lenyewe.

Mtu anayefuata mwongozo wa Linux From Scratch, mradi wa kujenga mfumo wa Linux kutoka msimbo chanzo ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, huikuta dhana hii mara kwa mara, kwa kuwa vifurushi vingi huja na majaribio yanayoendeshwa kwa amri ya make check au make test kabla ya kusakinishwa. Kuyaendesha kwa zana za muda za hatua za mwanzo hakuna faida kubwa, maana zana hizo zitaachwa. Majaribio ya Glibc (maktaba ya msingi ya lugha ya C), GCC (kompaila) na Binutils (zana za kuunganisha faili za programu) katika hatua ya mwisho ni jambo jingine kabisa, kwani karibu kila kitakachojengwa baadaye kitazitegemea.

Kabla ya kutafuta dawa, ni vyema kusoma lebo za matokeo kwa makini. FAIL ni kufeli kusikotarajiwa. XFAIL ni jaribio ambalo watengenezaji wenyewe walijua litafeli, kwa hiyo halimdai mjenzi chochote, ilhali UNSUPPORTED na SKIP huonyesha kwamba jaribio halikuendeshwa kwa sababu sharti fulani halikutimia. Vifurushi vinavyotumia Automake, zana ya kuandaa maelekezo ya ujenzi, hutofautisha hata zaidi: jaribio likirudisha namba 77 limerukwa, na likirudisha 99 limekwama katika maandalizi, hivyo halijapima kitu. Ni afadhali pia kutumia make -k check, ili FAIL ya kwanza isizuie mengine kuendelea.

Sehemu kubwa ya kufeli, kwa maoni yangu, hutokana na mazingira. Chukua jaribio linalounda faili, likaliondolea ruhusa ya kusomwa, kisha likahakikisha kwamba haliwezi kufunguliwa. Likiendeshwa na mtumiaji wa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, faili litafunguka bila kipingamizi, kwa sababu kerneli, yaani kiini cha mfumo, haimzuii root kwa ruhusa za kawaida, na jaribio litaandika FAIL ingawa programu haina kosa lolote. Ndiyo maana mwongozo wa Linux From Scratch hutengeneza mtumiaji aitwaye tester na kumkabidhi baadhi ya majaribio. Vivyo hivyo, GCC hutumia Expect, programu inayoendesha programu nyingine kana kwamba mtu anaandika kwenye teminali, kuendesha majaribio yake, na Expect huhitaji teminali bandia. Mjenzi aliyeingia ndani ya chroot (mazingira yaliyotengwa ya mfumo mpya) bila kupachika devpts (mfumo wa faili wa teminali hizo) kwenye /dev/pts ataambiwa kwamba mfumo umeishiwa teminali hizo, na hapo hakuna jaribio la GCC litakaloanza.

Mashine yenye kasi ndogo nayo huleta FAIL zake. Majaribio ya Glibc yana kikomo cha muda, na yakikatizwa kwa sababu hiyo, kibadilika cha TIMEOUTFACTOR hukizidisha kikomo hicho. Baadhi ya majaribio ya GCC humaliza nafasi ya staki (kumbukumbu ya kazi ya programu inayoendeshwa), na hutulia baada ya kuiongeza kwa ulimit -s. Mengine hugongana yanapoendeshwa sambamba kwenye prosesa kadhaa. Njia ya kuyatambua ni kuliendesha lililofeli peke yake na kuona kama litafaulu. Kompaila ikianguka mahali tofauti kila inaporudiwa, usiendelee kuchunguza msimbo: pima kwanza RAM na joto la prosesa. Zipo pia FAIL za kuudhi zinazoletwa na kalenda tu, pale cheti cha usalama kilichowekwa ndani ya jaribio kinapopitwa na tarehe.

Linalobaki baada ya mchujo huo ndilo la kushughulikiwa, yaani jaribio linalofeli kila mara, peke yake, katika mazingira sahihi, na ambalo halimo katika orodha ya kufeli kunakojulikana kwa toleo hilo. Fungua logi ya jaribio lenyewe, kama test-suite.log, badala ya kutegemea mistari ya mwisho kwenye skrini, ulinganishe tokeo lililotarajiwa na lililopatikana. Iwapo yaliyofeli yote ni ya hesabu za desimali, angalia CFLAGS, yaani machaguo yanayopewa kompaila: chaguo la -ffast-math huiruhusu kupuuza baadhi ya kanuni za hesabu za desimali, kwa hiyo liondoe na ujenge upya.

FAIL moja au mbili zilizochunguzwa na kueleweka hazizuii usakinishaji. Glibc yenye makumi ya FAIL zisizo na maelezo isisakinishwe, kwa sababu kasoro yake ikigunduliwa baadaye, vifurushi vilivyojengwa juu yake vitakuwa na shaka, na kwa kawaida njia iliyo salama huwa ni kurudia ujenzi kuanzia hapo.