Pikseli, inchi na karatasi: dhana potofu kuhusu picha za kuchapishwa

Dhana: Ukibadilisha namba ya pikseli kwa inchi kutoka 72 iwe 300, picha iko tayari kwa karatasi.

Ukweli: Namba hiyo ni maelekezo tu: pikseli ngapi, yaani vijisanduku vidogo vya rangi vinavyounda picha, zipangwe ndani ya inchi moja. Haiongezi chochote kwenye picha. Picha ya pikseli 3000 kwa 2000 ni ileile, iandikwe 72 au 300. Kwa 300 itatoka na upana wa inchi 10, kwa 72 itapita inchi 41. Anza basi na pikseli: gawa pikseli za upana kwa inchi unazotaka (kama una sentimita, zigawe kwanza kwa 2.54). Picha ya 600 kwa 400 ukiitandaza inchi 10 inabaki na pikseli 60 kwa inchi, na vijisanduku vitaonekana waziwazi.

Hapo ndipo wengi huiachia programu ikuze picha hadi 3000 kwa 2000. Katika kila pikseli 25 za picha hiyo mpya, 24 ni za kukisia kutokana na zilizokuwepo. Kingo hulegea, nywele na maandishi madogo huingia ukungu. Kabla ya kugusa namba ya 300, zima chaguo linaloruhusu programu kuongeza au kupunguza pikseli. Upana kwa pikseli usipobadilika, uko salama.

Dhana: Faili lenye MB nyingi ndilo lenye picha kubwa.

Ukweli: JPEG, aina ya faili inayotumika sana kwa picha, hubana data. Anga tupu hubanika sana, majani ya mti hayabaniki kwa kiasi hicho, hata pikseli zikilingana. Fungua taarifa za faili usome pikseli.

Dhana: Chini ya 300 usichapishe.

Ukweli: 300 inafaa picha ya kushikwa mkononi: sentimita 10 kwa 15 huhitaji pikseli 1181 kwa 1772, A4 huhitaji 2480 kwa 3508. Mtazamaji akisogea nyuma, mahitaji hushuka. Picha kubwa ya ukutani hupendeza kwa 150 hadi 200, na bango la kutazamwa kutoka mbali huridhika na 100 au pungufu. Kulilazimisha bango kufika 300 ni kuzalisha faili zito bure.

Dhana: Picha ya simu itaenea kwenye karatasi yoyote.

Ukweli: Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3, ilhali karatasi ya 10 kwa 15 ni 3:2. Picha ya 4000 kwa 3000 itakatwa iwe 4000 kwa 2667, na pikseli 333 zinazopotea mara nyingi ni utosi wa mtu aliyesimama ukingoni. Ikate mwenyewe, usiiachie mashine.

Dhana: Picha iliyopitia WhatsApp ni sawa na ya awali.

Ukweli: Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na mara nyingi hupunguzwa pikseli. Omba itumwe kama hati, kisha kagua pikseli zake kabla ya kuchagua ukubwa wa karatasi.