Ukorofi una saa zake

Walimu wakinipigia simu, sentensi ya kwanza huwa ni ileile: "Mwalimu, huyu kashindikana." Bado wananiita mwalimu, ingawa chaki niliiweka chini miaka mingi iliyopita. Siku hizi kazi yangu ni unasihi: nazunguka shule za hapa Tanga, nakaa na walimu wenye watoto wa aina hiyo. Nami huwajibu kwa swali linalowaudhi kidogo: anashindikana saa ngapi?

"Muda wote!"

Hapana. Hata mwizi hulala. Mtoto anayepiga wenzake, anayetoroka, anayepiga mluzi mwalimu akigeukia ubao, ana saa zake, vipindi vyake, na mara nyingi hata siku zake. Shida ni kwamba mwalimu aliyechoka anakumbuka lile zogo tu, hakumbuki kilichotangulia wala kilichofuata.

Kwa hiyo naomba daftari. Lile la kurasa arobaini linatosha. Ukurasa ugawanywe mara tatu: kabla, tendo, baada. Pembeni, saa. Iandikwe kwa wiki mbili, habari za mtoto mmoja tu, maana tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwenye watoto tisini hana mkono wa kuandika habari za kumi. Kwenye "tendo" sitaki neno kama jeuri au dharau. Jeuri haina umbo. Andika alichofanya: amesukuma dawati, amempokonya mwenzake kalamu.

Huu ni ukurasa wa mwalimu mmoja wa darasa la tano. Nimebadilisha mawili matatu ili mtoto asijulikane.

Jumatatu, saa 4:50. Kabla: Hisabati, nimemwita ubaoni. Tendo: amempiga jirani yake kofi. Baada: nimemtoa nje.

Jumatano, saa 4:45. Kabla: Hisabati, wanajibu kwa zamu. Tendo: amepiga mluzi. Baada: nimemtoa nje.

Ijumaa, saa 3:10. Kabla: Kiingereza, wanasoma kwa sauti, bado wawili afikiwe yeye. Tendo: amerusha daftari la mwenzake dirishani. Baada: nje, magoti.

Nilimwomba anisomee kwa sauti. Alipofika Ijumaa alinyamaza, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. "Kumbe mimi ndiye ninayempa anachotaka."

Ndivyo. Mtoto yule alikuwa hajui kusoma vizuri, na hilo alilificha tangu darasa la tatu. Apime mwenyewe: kusimama mbele ya watoto tisini akigugumia, au kupiga magoti dakika ishirini chini ya mwarobaini? Ungekuwa wewe, ungechagua kipi? Kila alipotolewa alifundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kofi moja linafuta zamu yake ya kusoma. Sisi tunaita adhabu, yeye anaita likizo.

Tuliacha kumwita ubaoni kwa ghafla. Mwalimu alianza kumpa sentensi moja siku moja kabla, akaisome nyumbani na dada yake, kesho yake aitwe kusoma hiyohiyo. Zaidi ya hapo, alipewa ruhusa ya kuweka rula juu ya dawati akiona mambo yanamzidi, na mwalimu akiiona amruke kimyakimya. Wiki ya kwanza aliiweka kila kipindi. Baadaye alianza kuisahau.

Lakini nawaonya walimu jambo moja, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa: ukifunga njia aliyoizoea mtoto, huenda akazidi kabla hajapungua. Mtu aliyezoea kufunguliwa mlango kwa hodi moja, siku usipofungua haondoki. Anagonga kwa ngumi. Wiki hiyo ya ngumi ukifungua, umemfundisha kugonga kwa ngumi.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1968 ninaopenda kuwasimulia walimu kwenye semina, uliofanywa na Charles Madsen, Wesley Becker na wenzao katika darasa la kwanza. Waliwaambia walimu waongeze mara za kusema "kaa chini". Wakaongeza. Watoto waliosimama wakaongezeka pia! Siri ni kwamba watoto walioambiwa walikaa palepale, hivyo mwalimu aliona amri yake inafanya kazi, kumbe kusimama ndiyo njia ya kumfanya mwalimu akutazame. Walimu walipoanza kuwasifu waliokaa na kufanya kazi yao, kusimama kukapungua. Nikisimulia hivi huwa kuna mwalimu mmoja nyuma anasema, "Sifa zitawaharibu." Simbishii. Namwomba ajaribu siku nne, kwa kutaja tendo: "Umeandika tarehe na kichwa cha habari kabla sijasema." Ile "safi sana" ya jumla haimwambii mtoto kasifiwa nini.

Na viboko? Swali hili halikosekani, hasa huku kwetu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne (kwa zile za 1979 vilikuwa sita), achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila mara iandikwe kwenye daftari. Ile nne walimu wengi wanaijua. Daftari, wachache wanalikumbuka. Shule moja nilikuta linaandikwa kweli, nikaomba kulipitia: majina yaleyale, muhula baada ya muhula. Nikamuuliza mwalimu wa nidhamu, daktari akimpa mgonjwa dawa ileile mwaka mzima na homa haishuki, wewe ungemwambiaje? Alicheka, hakunijibu. Msimamo wangu haujifichi: fimbo inamtuliza mwalimu.

Nasema hivyo nikiwa na yangu moyoni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika shule ambayo sitaitaja, nilimchapa mvulana kwa sababu niliita jina lake mara tatu hakuitika. Wenzake waliinama. Jioni msichana mmoja alinifuata: "Shikamoo mwalimu. Yule sikio lake la huku linatoka usaha, hasikii ukiwa dirishani." Nilikuwa nimesimama dirishani. Tangu siku hiyo, kabla ya yote, nauliza masikio, macho, na amekula nini asubuhi. Nauliza pia kama kuna nyakati anaduwaa sekunde chache macho yamekodoka kisha anarudi, maana kuna kifafa cha namna hiyo, kisicho na kuanguka wala povu, na watoto hao huitwa wenye dharau.

Kuna mambo ambayo daftari halina kazi. Mtoto akikuonyesha au kukuambia kwamba anaumizwa au kuchezewa, usianze uchunguzi wako na usimwahidi kumtunzia siri. Msikilize, mwambie amefanya vyema kusema, kisha mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya msaada kwa mtoto ni 116.

Sasa mtoto wa mwisho, ambaye ndiye aliyenifanya nikae kuandika.

Darasa la sita, shule iliyo karibu na pwani. Analala kipindi cha kwanza, akiamshwa anaamka na ngumi. Mwalimu wake, mama mtulivu, aliandika wiki mbili: karibu kila siku kuna mstari. Wiki ya tatu daftari likawa jeupe, akadhani dua zimejibiwa. Halafu vita ikarudi. Mimi mtu wa bara, nilikodolea tarehe zile nisione kitu. Aliyefumbua ni mwalimu mwenzake wa Maarifa ya Jamii, mzaliwa wa Tongoni, kijiji cha huku pwani, aliyechungulia begani kwetu akipita na kikombe cha chai. "Hizo si siku za giza hizo?"

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, dagaa hukusanyika, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inang'aa, taa haivuti kitu, maboti yanapumzika. Mtoto alikuwa anashusha ndoo tangu saa tisa usiku hadi alfajiri, kisha anavaa sare.

Tulikwenda kwa bibi yake bila barua ya kumwita shule, na bila vitisho. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Hakuficha. Akirudi na ndoo, wanakula na nyingine inauzwa. Mwalimu alimweleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto kazi ya usiku, saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na hakumaliza hapo, maana sheria haijazi sufuria. Kamati ya shule ilimsamehe mchango wa uji, na bibi akakubali kijana afanye kazi ya kuanika na kugeuza dagaa Jumamosi, jua limetoka. Mazungumzo hayo yalichukua safari tatu, na ya pili ilikuwa chungu.

Mwalimu yule sasa amebandika kalenda ya Kiislamu pembeni ya ratiba ya vipindi. Juzi alinitumia ujumbe: "Leo mwezi ishirini na nane. Yupo, macho makavu, anasoma. Ila kagombana na mwenzie saa 5:15, nimeandika."