Je, wajua kwa nini halibuti wa Greenland hujaa kwenye fiodi asikotaga mayai?

Wavuvi wa Ilulissat, Uummannaq na Upernavik, magharibi mwa Greenland, huvua halibuti wa Greenland, samaki bapa wa baharini, ndani ya fiodi, yaani ghuba ndefu na nyembamba zenye kingo za miinuko, mwaka hadi mwaka. Wakati wa baridi hutoboa barafu na kushusha mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Hata hivyo, jike mwenye mayai yaliyokomaa ni nadra kupatikana humo. Basi samaki hawa hutoka wapi?

Hutoka kusini, mamia ya kilomita. Mazalia makuu yanaaminika kuwa katika Mlango-Bahari wa Davis, kati ya Greenland na Kanada, kwenye kina kinachozidi mita 1,000, kusini mwa tuta la chini ya bahari linaloutenga na Ghuba ya Baffin. Maji ya hapo yana nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi. Ng'ambo ya tuta, maji ya kilindini hukaribia sifuri. Jike hutaga majira ya baridi. Mayai yake ni makubwa, milimita 4 hivi, kwa hiyo ni machache: makumi ya maelfu, ilhali halibuti wa Atlantiki hutaga mamilioni. Hayatui sakafuni wala hayapandi juu, bali huelea kilindini hadi yaanguliwe. Vifaranga hupanda polepole wakiishi kwa kiini cha yai, na wakifika tabaka la juu hubebwa na mkondo. Tawi moja la mkondo huo huelekea kaskazini hadi Ghuba ya Disko, ilipo Ilulissat. Jingine hukata magharibi kuelekea Kanada.

Miezi kadhaa baadaye, wakiwa na sentimita 6 hadi 8, hutua sakafuni. Kadiri wanavyokua hufuata kina, na baadhi huingia kwenye fiodi. Samaki waliotiwa alama na kuachiliwa wameonyesha kwamba aingiaye fiodi huwa hatoki tena. Kwa hiyo fiodi haijizalishii samaki wake. Wakipungua mazaliani, nayo itapungukiwa, hata wavuvi wake wakijizuia vipi.

Kumhesabu ni kazi ngumu. Ingawa ni wa jamii ya gayogayo, samaki bapa ambao jicho moja huhamia upande wa pili wa kichwa, hapendi kulala sakafuni muda wote. Jicho lake la kushoto limeishia ukingoni mwa kichwa, upande wake wa chini una rangi nzito karibu kama wa juu, naye huogelea huru majini. Wavu unaokokotwa sakafuni humkosa aliye juu yake, hivyo takwimu zake hufaa kulinganisha mwaka na mwaka, si kutaja idadi kamili.

Hatari kubwa kwa wachanga ni nyavu za kuvulia kamba wa baharini (uduvi). Nyavu hizo hufungwa kichujio cha vyuma vyenye nafasi ya milimita 22, kinachowatoa samaki wakubwa. Halibuti wa mwaka mmoja, aliye mwembamba, hupenya na kuvuliwa pamoja na kamba.