Kwenda Kazini na Impreza ya Zamani: Yanayosemwa na Yaliyomo Ndani ya Boneti

Siku utakayoegesha Subaru Impreza WRX ya miaka ya 1990 nje ya geti lako, jirani atatikisa kichwa, mjomba atakuuliza kama Toyota Fielder zinazobana mafuta zimeisha sokoni, na kijana wa bodaboda atakuomba uikanyage kidogo asikie.

"Gari zee hili, litakulaza njiani." Haya ya jirani nayachukulia kwa uzito, ila umri sio unaotisha. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo WRX hizi ni zilezile zinazozunguka mikononi mwa watu. Injini yake ya EJ20 hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Sasa mita inasoma 98,000, gari limepita kwa watu wanne, na kila mmoja anaapa kwamba aliyemtangulia alibadilisha. Mimi sibishani na mita. Gari linaingia gereji siku ileile: mkanda mpya, rola zake, na pampu ya maji, maana pampu huzungushwa na mkanda huohuo. Baada ya hapo ndipo ninaanza kuhesabu.

"Inavuta miguu yote minne, haitelezi." Kuondoka kwenye tope, sawa. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na hapo haina tofauti na Vitz, kile kigari kidogo cha Toyota. Chungulia ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT: 3214 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi hiyo hata kama haijawa kipara, mpira wake umeshakauka.

Halafu kuna jambo ambalo muuza tairi hatakwambia. Ukipasukiwa na tairi moja ukanunua moja mpya, zile tatu zikiwa zimelika, mzunguko wake hautalingana. Kwenye WRX ya gia za mkono, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, itashinda ikisawazisha tofauti hiyo hata ukiwa umenyoosha barabarani, na majimaji mazito yaliyomo yatapata moto hadi yaharibike. Utajua siku unakata kona ya kuegesha, usukani umeuzungusha wote, na gari linajivuta kama limefungwa kamba nyuma. Bei ya tairi nne huuma. Kaulize ya difu.

"Mngurumo ule ndio nguvu." Pole, kijana wa boda. Mngurumo hutokana na mabomba ya ekzosti yasiyolingana urefu kabla ya kufika kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. STI za Japani, yaani WRX kali zaidi, zilizopewa mabomba yanayolingana zilipunguza sauti, na mbio zikabaki palepale.

"Turbo hazidumu." Turbo hulainishwa na oili ya injini, kwa hiyo kila Jumamosi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti ukaipime. Kinachoua zaidi ni tamaa. WRX za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani karibu 100, na ya pampu zetu haifiki hapo; oktani ni kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Fundi akikuongezea presha ya turbo juu ya petroli hiyo, anakuchimbia pistoni kaburi.

Kwa mafuta, hata hivyo, mjomba ana haki. Kwenye foleni ya Mombasa Road asubuhi turbo haina la kufanya, na mshale wa tanki unateremka vilevile.